Kwa Kupe, Kuhusu Mshauri na Gauni la Harusi

Chumba cha cherehani,
Ghorofani, juu ya duka la viatu.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu Kupe,

Hujambo huko uliko? Mgongo unaendeleaje, na yale macho yaliyokuwa yakikuwasha kwa vumbi la barabarani? Mimi sijambo. Kidole kimepona, ila ncha yake bado ina ganzi, nikishika hariri inabidi niipapase kwa kidole cha pili. Cherehani nzima, mwenye nyumba mzima, paka wa mwenye nyumba naye mzima, kwa bahati mbaya. Shangazi anakusalimu na anasema umekonda kwenye ile picha uliyotuma. Ulikuwa umekaa ndani ya lori, imeonekana shingo tu, lakini Shangazi ameshaamua.

Barua yako nimeipata na nimeisoma nikiwa nimesimama. Kwamba uliegesha lori kando ya barabara ukalia mpaka magari ya nyuma yakaanza kukupigia honi. Kwamba muuguzi wa kazini kwenu amekupangia kuonana na mshauri. Kwamba wenzako wa gereji sasa wanakuita Bomba, kwa hayo machozi. Hao wa gereji niachie mimi. Nimewaweka kichwani, na unanijua mimi na kichwa changu.

Umeniuliza, kwa sauti ya chini hata kwenye karatasi, humo ndani kuna nini. Kama mlango unafungwa kwa ufunguo. Kama wanakupa vidonge vya kukulaza. Kama ukishaingia mara moja unaitwa kichaa maisha yako yote.

Mlango haufungwi. Wa mshauri wangu hata kufungika haufungiki vizuri, inabidi uusukume kwa bega. Vidonge hatoi, hiyo ni kazi ya daktari. Na vichaa sikuwaona mle. Niliwaona watu waliokaa kwenye benchi wakitazama viatu vyao, mmoja wao ni yule mwalimu wa hesabu anayeniletea suruali zake nizipunguze. Tulisalimiana kama watu waliokutana sokoni.

Lakini kabla sijaendelea nikuonye. Usifikiri utakuta dada mpya, mpole, aliyesamehe. Sijasamehe. Dada Mkubwa alitunyima mama yetu, mimi na wewe, na mpaka leo nikilikumbuka masikio yanapata moto. Kila tulipopiga simu alisema mama anaendelea vizuri. Mama alikuwa hawezi tena kugeuka kitandani, yeye anasema anaendelea vizuri. Alipotuita, watu walikuwa tayari wanarudi kutoka makaburini. Husemwa mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu wetu hakuumbuka hata kidogo. Alisimama mlangoni na leso yake akapokea pole za watu, na mimi akanipa mkono kama mgeni.

Tangu siku ile nilikuwa nabishana naye kichwani kutwa nzima. Ndivyo nilivyojishona. Nilikuwa napachika zipu huku namjibu, na nilikuwa nimefika mahali pazuri kabisa, nimemwambia neno ambalo hana pa kulipeleka, sindano ikapita kwenye kidole na uzi wake. Daktari aliyekitibu akaniuliza kama nalala vizuri. Nikamweleza habari za Dada Mkubwa tangu mwanzo. Alisikiliza mpaka akamaliza kufunga bendeji, kisha akasema kuna mshauri kwenye jengo hilohilo, chini, na kwamba yeye ana wagonjwa wengine nje.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na wewe usije ukakosea. Niliposikia "mshauri" nikaelewa kama mtu yeyote mwenye akili angeelewa. Shauri si ni kesi? Basi mshauri ni mwenye kusikiliza kesi. Unampelekea, anapima, anasema nani ana haki, na mkosaji anaitwa kujibu. Nikavaa gauni la kijivu, lile la heshima. Nikapanga vizuri kwenye simu kila ujumbe wa "mama anaendelea vizuri". Na nikaenda na shahidi. Shahidi alikuwa Shangazi.

Mshauri ni mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya mtu anayeamsha mtoto mchanga. Alimtazama Shangazi, akanitazama mimi, akaeleza kwa adabu kwamba mazungumzo ya humu ni ya mtu mmoja. Shangazi akamjibu kwamba yeye hakuja kama mtu, amekuja kama shahidi. Alitolewa kwa upole mwingi hivi kwamba hakujua ametolewa. Lakini unamjua Shangazi, ni redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Pale kwenye benchi aliwasimulia kesi yote waliokuwa wanangoja, na nilipotoka nilimkuta mfagizi ameegemea ufagio ananisubiri.

"Dada, haki iko kwako," akaniambia. "Huyo mwenzio kakosa sana."

Hiyo ndiyo hukumu pekee niliyoipata siku ile.

Ndani sikupewa. Ndani kuna viti viwili vinavyotazamana kwa upande, si uso kwa uso, meza ndogo yenye boksi la karatasi za kufutia machozi, na saa ya ukutani iliyo nyuma yako ili mshauri aione yeye. Hakuna kitanda, ondoa hofu. Siku ya kwanza ni maswali ya kawaida. Unalala vipi, unakula vipi, unaishi na nani, umewahi kufikiria kujidhuru au kumdhuru mtu. Jibu kweli. Ukidanganya unajidanganya mwenyewe, yeye hana cha kupoteza. Akaniambia kila nitakachosema kitabaki mle, isipokuwa akiona ninakaribia kujiumiza au kumuumiza mtu mwingine, hapo atalazimika kuwaambia wanaohusika.

Nikamuuliza kama gauni ni mtu.

Usicheke. Habari ya gauni hujaisikia, nami nilikuficha kwa makusudi. Binti wa Dada Mkubwa anaolewa mwezi ujao. Alikuja mwenyewe hapa kwangu na kitambaa cheupe kwenye mfuko, akasema, "Mama mdogo, sitaki kushonewa na mtu mwingine." Mtoto hajui lolote la yaliyopita kati yetu wakubwa, au anajua na ameamua kutojua. Nilikubali upesi mno. Nilimpima, nikakata, nikashona, na nakuambia bila kujisifu kwamba sijawahi kushona kitu kizuri kama kile. Isipokuwa mshono wa nyuma. Ule, kuanzia shingoni mpaka kiunoni, niliupiga bandi tu.

Unaijua bandi, mama alitufundisha sote. Ni ule mshono wa hatua ndefu wa kushikiza kitambaa kwa muda, ukishamaliza kazi unaung'oa kwa kidole kimoja. Juu yake nikapanga vifungo vidogo vya urembo ili jicho lisione. Bibi harusi akisimama wima, unashika. Akiinama kusaini, mgongo wake ukiwa kwa wageni wote, unaachia. Na Dada Mkubwa yuko kiti cha mbele na leso yake. Malipo ni hapa hapa duniani, nikajisemea, na mimi nitakuwa nimekaa pembeni nakula keki.

Basi nikamwambia mshauri yote hayo. Nilitegemea ashtuke, au acheke. Hakufanya chochote. Alinyamaza.

Kupe, hicho kimya ndicho kitakachokusumbua kuliko vyote. Hakuna aliyenionya mimi, kwa hiyo nakuonya wewe. Anauliza kitu kidogo, unajibu, halafu hasemi neno. Anakutazama bila kukukazia macho. Unasikia feni, unasikia mtu anakohoa nje, na yeye hana haraka hata kidogo. Utaona aibu, utaona amekosa la kusema, utamhurumia, na katika kumhurumia utafungua mdomo kumsaidia, na litakalotoka ni lile ulilokuwa umelikalia. Mimi kwa kukwepa nilikuwa natazama pazia lake. Pindo limefumuka upande mmoja, na aliyelishona hakujua kukunja kona. Siku moja nikamwambia aniletee nilishone, bure. Akasema asante, lakini hapa hujaja kazini. Niliudhika. Baadaye nikaelewa kwamba hatakuwa rafiki yangu wala mteja wangu, na kwamba ndiyo maana naweza kumwambia nisiyoweza kukuambia hata wewe.

Mengine ya kutegemea ni haya. Majuma ya mwanzo utatoka umechoka kama uliyeshusha mzigo wote wa lori kwa mikono. Utalala vibaya zaidi kabla ya kulala vizuri. Usipange safari ndefu siku hiyo. Utalia kwa jambo ambalo hukujua linaliza. Mimi nililia kwa habari ya kastabini ya mama, ile ya chuma ya kukinga kidole na sindano, ambayo hata sijui iko wapi. Na ukiona baada ya muda wewe na mshauri wako hamuendani, omba mwingine. Hawanuni, wamezoea.

Na hatakuambia ufanye nini. Mimi nilimsukuma sana. Nilimwambia, mama, wewe ni mshauri, nishauri. Nilipige pasi hilo gauni nilipeleke lilivyo, au nisilipeleke? Akaniuliza nani atalivaa.

"Mtoto wa adui yangu," nikamwambia.

"Huyo mtoto anakuitaje?"

Nikamwambia ananiita mama mdogo. Akanyamaza, nami nikanyamaza, na safari hii sikuangalia pazia.

Usidhani nilitoka pale nimeongoka. Nilitoka nimekasirika mpaka nikapita kituo changu cha basi kwa miguu bila kujua. Wiki nzima nilikuwa namtafutia mshauri naye adhabu. Niliwaza nisirudi. Niliwaza nirudi nikae kimya mwanzo mpaka mwisho nione atavumiliaje. Hilo la pili lilinipendeza sana, na ndilo lililonipa wazo.

Maana juzi Dada Mkubwa alikuja mwenyewe kuchukua gauni.

Alipanda ngazi polepole, nilimjua kwa kuhema kwake. Amezeeka, Kupe, nakuambia ukweli. Alisalimu, nikaitikia. Akauliza gauni liko tayari, nikamwonyesha lilipotundikwa. Akalishika mkono, akasema ni zuri. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja akaanza ile habari yake ya ukumbi ni mdogo, wapishi ni wagumu, mkwe ana maneno. Nami nikafanya kama nilivyofanyiwa. Nikaacha kazi, nikaweka mikono mapajani, nikamtazama bila kumkazia macho, na nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa nia mbaya, sikufichi. Nilitaka ateseke. Nilitaka asikie ile feni na kile kikohozi. Alimaliza ukumbi, akamaliza wapishi, akarudia mkwe, akaishiwa. Akaanza kukunja mkanda wa mkoba wake. Chini dukani mtu alikuwa anajaribu viatu, tunasikia anavyokanyaga. Wanasema kimya kingi kina mshindo, na mimi nilikuwa nangoja mshindo wangu kwa raha zote.

"Unataka nikwambie nini?" akasema.

Sikujibu.

"Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa namlisha kwa kijiko, namfulia, nakesha. Halafu kutwa nzima, Sindano yuko wapi. Kupe yuko wapi. Niitieni Sindano. Niitieni Kupe. Mimi nimemshika bega hapo hapo, jina langu hakulitaja hata mara moja. Nikasema wakija hawa nitabaki mtumishi tu. Nikasema nitawaita kesho. Kila siku nilikuwa nasema kesho."

Kisha akalia. Siyo kile kilio cha mlangoni chenye leso. Hiki kilikuwa kibaya, cha pua.

Unataka kujua nilisikia nini? Kwanza nilisikia furaha. Mama alikuwa ananiita. Alikuwa anatuita, mimi na wewe, kwa majina yetu ya utani kama tulivyokuwa wadogo, wewe Kupe kwa jinsi ulivyoninasa mguuni nisiende popote bila wewe. Na aliyetunyima mama alikuwa ameadhibiwa kabla sijatunga uzi, kutwa nzima, na mama mwenyewe, tena bila mama kujua. Hakuna bandi duniani ingeweza kumfanyia hivyo. Halafu nyuma ya furaha likaja lile lingine, kwamba mama aliita na hatukuja, na hapo nikageukia dirishani.

Alipotulia alijifuta, akasimama, akasema nimpe gauni aende, mtoto anangoja kulijaribu.

Gauni lilikuwa pale. Ningelikunja tu nikampa.

"Liache," nikamwambia. "Mshono wa nyuma haujaisha."

Akakaa tena. Nililishusha, nikaving'oa vifungo vya urembo, nikashika ncha ya ule uzi na kuuvuta. Ulitoka wote kwa mara moja, mrefu, nikauweka mezani mbele yake. Aliutazama. Yeye hajashika sindano miaka mingi, lakini ni mtoto wa mama yetu, uzi wa bandi anaujua na kazi yake anaijua, na alijua pia kwamba mshono ule ulikuwa umeshapigwa pasi na kuwekewa vifungo. Alinitazama mimi, akautazama tena uzi. Aliinuka akashika upande wa chini wa gauni ili lisiburute sakafuni, nami nikashona kwa mashine mara mbili, mshono juu ya mshono, mpaka mwisho, kisha nikavirudisha vifungo. Hata tembo hawezi kuupasua sasa.

Lililobaki nakuambia wewe peke yako.

Nilipokuwa nashona nililiona jibu lake. Ni jepesi mpaka ningecheka. Mama hakumwita kwa sababu alikuwepo. Aliyepo haitwi, Kupe. Mtu mkono wake uko begani kwako, utamwita aje wapi? Sisi tuliitwa kwa sababu hatukuwepo, ndiyo sababu pekee. Neno hilo lingemtua mzigo wote aliopanda nao zile ngazi. Nilikuwa na pini midomoni na neno lenyewe nyuma ya pini. Nilizitoa pini, nikakunja gauni, nikampa, nikamwambia apite polepole kwenye ngazi maana ya tatu imelegea. Neno sikumpa.

Basi hicho ndicho kisasi changu kilichobaki. Hakitapasuka mbele ya wageni, hakuna atakayekiona. Dada Mkubwa ataingia harusini akiamini mama hakumtaka, na mimi peke yangu najua sivyo. Nilidhani kitakuwa kitamu zaidi ya hivi. Usiku huo nililala vizuri, na asubuhi nikaamka nalo neno kooni kama mwiba wa samaki. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye ninayeshona nguo.

Alhamisi ni siku yangu kwa mshauri. Atauliza kitu kidogo, halafu atanyamaza, na ninajua litakalonitoka. Nimewaza kusingizia homa. Lakini gauni la kijivu nimeshalipiga pasi.

Wewe nenda. Vaa nguo unayoweza kulia nayo. Shahidi usiende naye. Ukishakaa, mshauri akikunyamazia na ukawa hujui pa kuanzia, anza hapa: mama alikuwa anakuita. Hilo ni lako, ulinyimwa, na sasa nimekupa.

Nisalimie mkeo na mapacha, na yule jirani yako fundi saa aliyenitumia salamu mara ya mwisho, mwambie nimezipokea na asizoee. Shangazi anasema kula. Mpwa wetu bibi harusi anauliza kama utakuja, mwambie utakuja. Dada Mkubwa mpigie mwenyewe, sikukatazi, na ukimsikia analia usimkatie simu. Ila neno lile la aliyepo usimwambie hata akikulilia. Ni langu kulitoa, na siku yake nitaichagua mimi.

Mungu akutangulie kila kona ya barabara, akupe mshauri mwenye subira na kiti kisichoumiza mgongo.

Dada yako akupendaye na asiyesahau,

Sindano